Wito wa Tatu

Kila asubuhi kazi yangu huanza kwa kukohoa. Mashine haitaki salamu wala jina, inataka kikohozi. Wahandisi walioileta walisema kwamba sauti ya mtu inaweza kuibwa na kuigwa, lakini kikohozi cha mama aliyekulia kwenye moshi wa kuni hakuna mwizi atakayekiweza. Basi nakohoa, skrini inawaka, na milingoti yote ya mawasiliano kuanzia hapa kwetu Itambalila mpaka ng'ambo ya mto inajua kwamba mimi, Tulinagwe Mlowe, niko hai na niko kazini. Kuna siku inajua hilo kabla yangu.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi, na kibanda changu pale juu ya kilima kilikuwa baridi kiasi cha kuona pumzi yako mwenyewe. Nilivaa hedifoni nikaanza kuwasikiliza mmoja mmoja. Kila mbawala wa msitu wetu ana punje nyuma ya sikio, ndogo kama ya ulezi, inayojiendesha kwa joto la mwili wake. Punje husikia moyo na pumzi, nami husikia kupitia kwayo. Inaweza pia kumnong'oneza mnyama. Akisogelea shamba la mtu, inamletea sauti ya chui, ile ya kukereza kama msumeno kwenye ubao mbichi. Akipotea njia, au mvua kubwa ikija, au siku ya kulamba chumvi ikifika, inamletea sauti yangu.

Cheo changu ni mwitaji. Naita mara tatu, kwa sauti ile ile ambayo mama yangu alikuwa akituitia chakula tukiwa tumetawanyika bondeni: ooo-yee, ikipanda mwishoni. Wito wa kwanza wanainua vichwa. Wa pili wanageuza masikio. Wa tatu wanakuja. Wahandisi walitaka mlio mmoja tu, mfupi, wa kuokoa umeme. Nikawaambia kwetu mtu haitwi mara moja. Walibishana nami kutwa nzima, na mwisho walichoka wao, kwa sababu mimi nilikuwa nimechoka tangu zamani na nimeshazoea.

Nilimsikiliza Kibibi kwanza, jike mzee mwenye sikio lililochanika. Moyo wake ulikuwa unakwenda polepole, anatafuna. Nikamsikiliza Shemeji, dume la majivuno. Halafu nikafika kwa Karani, niliyempa jina hilo kwa kuwa kichwa chake kiko chini muda wote kama mtu anayeandika, na nikajua mara moja kwamba kuna jambo. Pumzi yake ilikuwa ikija kwa kukwaruza, ikikatika, ikianza upya. Skrini ilionyesha yuko kwenye shamba la viazi chini ya nyumba yetu.

Nilimwita. Nilimwita mara tatu kamili ili arudi msituni, na alijaribu kuja. Nilisikia majani ya viazi yakivunjika chini yake alipoinuka, halafu yakivunjika tena alipoanguka. Nilitoka kibandani nikateremka mbio, hedifoni zikiwa bado masikioni.

Wifi yangu Skola alikuwa amesimama kwenye tuta na jembe mkononi. Skola ni mjane wa kaka yangu, na mimi ni mjane wa mtu ambaye siku hizi anakumbukwa na mimi peke yangu; tunakaa nyumba moja, tunagombana asubuhi na kupatana jioni. Karani alikuwa miguuni pake, povu mdomoni, miguu ikipiga teke hewani.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Ni mimi." Hakutafuta pa kujificha. "Pumba na dawa ya panya. Nimechanganya jana."

"Wifi, huyu ni Karani."

"Kwako ni Karani. Kwangu ni mtu anayekula viazi vyangu msimu wa tatu huu. Wewe unamjua kwa pumzi, mimi namjua kwa meno."

"Si ungeniambia? Ningeongeza sauti ya chui upande huu."

"Chui gani, wifi? Chui asiyeuma ni redio tu. Wameshamzoea. Juzi nimewakuta wanakula huku anawangurumia sikioni, hata mkia hawatingishi." Akatema mate pembeni. "Ulitaka nile nini mimi? Nile huo wito wako?"

Jua lilipanda nyuma ya ukungu, na Karani alikuwa bado anahema. Nilimwambia Skola, kama ameanza, basi amalize. Alilinyanyua jembe. Mikono yake imechimba mashamba ya mlima huu tangu alipoolewa, ni mikono ya nguvu. Lakini jembe lilikaa juu, likakaa, halafu akalishusha taratibu akaliegemea.

"Siwezi," akasema. "Kumbe siwezi."

Basi tukakaa kwenye tuta, mimi na yeye, tukingoja. Ningeweza kuvua hedifoni. Sikuvua, kwa sababu niliona ni vibaya mtu kufa bila hata mmoja wa kumsikiliza. Ukungu uliondoka, akina mama wakapita njiani kwenda kisimani na kurudi, na mimi nikausikiliza moyo ule ukikimbia mahali pasipokuwa na njia. Ulipokoma, masikio yangu yaliendelea kuusikia.

*

Bwana Oresti Kiswaga alifika mchana wa siku ile ile. Ni afisa wanyamapori, kijana wa mjini, mwenye macho mekundu ya mtu anayelala ndani ya gari. Alipiga hodi, akasalimia kwa lugha yetu, "Kamwene," kwa lafudhi ya kigeni iliyomfanya Skola acheke kidogo hata siku kama ile, akakaribishwa jikoni kwenye moto, akapewa kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, ule mtamu wa asubuhi.

"Nimemwona yule pale shambani, mama," akaniambia. "Sitauliza ni nani."

"Ni mimi," Skola akasema huku anachochea kuni.

Oresti akafunga macho. "Sikusikia."

Alikunywa, akaanza kueleza, na alieleza kama mtu aliyekwisha kueleza hivyo vijiji vyote vya njiani na kutukanwa kote. Mengine nilikuwa nayajua. Msitu wetu ulipandwa na wanunuzi wa hewa wa ng'ambo, watu wanaolipia miti isimame ili viwanda vyao viendelee kutoa moshi. Hatuwezi kukata hata tawi. Chui wa kweli aliisha kabla mimi sijazaliwa, na siku serikali ilipopendekeza kumrudisha, mkutano wa kijiji ulisema chui apelekwe kwanza wanakokaa waliopendekeza. Mbawala wakabaki peke yao na msitu mnene, wakazaana. Ikaletwa chumvi ya kuzuia uzazi. Wababe waliilamba yote, wanyonge hawakupata hata kuonja, na hao wanyonge ndio waliozaa. Wakajaribu kuwahamisha, wengi walikufa kwa hofu ndani ya malori kabla ya kufika.

"Sasa msitu hauwashibishi," Oresti akasema. "Ndiyo maana hawamwogopi chui. Njaa haisikii redio. Kijiji cha jirani wameomba kibali cha kutumia sumu. Wakikipata, kila mtu ataweka. Watakufa mbwa, watakufa mbuzi, na siku moja mtoto ataokota pumba. Halmashauri imeamua afadhali tuvune."

"Mvune," nikasema. "Mtu huvuna alichopanda, baba. Sema neno lenyewe."

Akanitazama. "Tuwaue, mama. Nusu yao."

"Si mna bunduki? Msitu ule pale."

"Tulijaribu mwaka jana, kule juu. Ukungu, vichaka, mnyama anaruka. Wengi waliondoka na risasi mwilini wakaenda kuoza ndani." Aliweka kikombe chini. "Lakini wakija wenyewe mahali pa wazi, wametulia, vijana wangu hawakosei. Bunduki hazina mlio. Mnyama anakufa hajui kama kuna jambo. Anakufa anasikia sauti anayoipenda."

Nikaelewa amekuja kutafuta nini. Mashine haikubali wito wa tatu uliorekodiwa. Wahandisi waliifunga hivyo kwa makusudi, ili jangili asije akaiba sauti yangu na kuwaita mbawala sufuriani. Wito wa tatu lazima utoke kwenye koo lililo hai, na koo lenyewe ni hili langu.

"Hapana," akasema Skola.

Tuligeuka wote wawili. Alikuwa amesimama na kijiti cha moto mkononi.

"Bwana Oresti, wewe umezaliwa wapi?"

"Mjini, mama."

"Ndiyo maana. Kwetu huku kuna ukungu. Ukisikia unaitwa, huitiki. Wafu huita mara moja. Wachawi huita mara mbili. Anayeita mara tatu ni mtu aliye hai, mwenye damu, na ana kitu cha kukupa: chakula, moto au habari. Ukishamwita mtu mara tatu akaja, ni mgeni wako, humgusi. Baba mkwe wangu aliwahi kumwita ng'ambo ya bonde mtu aliyemwibia mbuzi. Hasira zilimsahaulisha, akaita mara tatu. Mwizi akaja! Mzee ikabidi amlishe, amnyweshe ulanzi, amsindikize hadi kwake."

"Ikawaje?"

"Kesho yake akamfuata akampiga vizuri. Lakini kesho yake."

Oresti alicheka, na kicheko kilimpunguzia miaka. Kisha akasema, kwa upole, "Lakini mama, hawa ni wanyama. Hawajui mila."

"Wanazijua," nikasema. "Mimi ndiye niliyewafundisha."

Moto ulipasuka. Mwishoni Oresti aliinuka, akajipangusa majivu. "Ukikataa, nitawaambia umekataa, basi. Sitakulaumu, na hakuna atakayekugusa. Ila kibali cha sumu kitatoka wiki ijayo, hilo siwezi kulizuia."

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Niliporudi, Skola alikuwa anamenya viazi vidogo, vile vilivyosalia, na hakuinua uso.

"Ukiwaita," akasema, "mimi nyama yao siili."

"Wewe! Uliyeweka dawa ya panya?"

"Sumu ni vita, wifi. Nao wanajua tuko vitani. Shamba si lao, wananyemelea, wanaiba, nami nimewategea. Sikumkaribisha yeyote. Lakini kumwita mtu mezani halafu umchinje kwenye mkeka..." Akakata kiazi katikati. "Vita vina mwisho. Hilo halina mwisho."

Nilikaa mbele yake. Nilikuwa na hasira naye, na hasira ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu alikuwa anasema kweli.

"Wewe ulimwona Karani akifa," nikamwambia. "Hukumsikia. Mimi nilimsikia asubuhi nzima. Wakianza kufa hivyo wote, kila mmoja nitamsikia, na hakuna mwingine atakayewasikia. Ukweli wako utawaua kwa siku nzima. Uongo wa Oresti utawaua kabla hawajafumba jicho. Niambie wewe, wifi, ungekuwa mbawala ungechagua kipi?"

Aliosha viazi, akavibandika motoni, akafunika.

"Ningechagua nisiwe mbawala," akasema. "Na nisiwe wewe."

*

Nilimpa Oresti sharti moja. Sitawaita kutoka kibandani. Aliyeita mara tatu lazima akutwe mahali alipoitia. Hilo sikutaka nalo nilivunje. Akakubali.

Mahali palikuwa pale pale pa chumvi, uwanda mdogo kando ya mto, ambako kwa miaka yote nimekuwa nikiwaita siku za kulamba. Vijana wake walikuwa wamezungusha nyavu na kuzifunika kwa majani, wakaacha mlango mpana upande wa msituni. Wao wenyewe walikaa ndani ya vibanda vya mbao, kimya, mitutu ikichungulia. Oresti alisimama nyuma yangu na kifaa mkononi. Wale waliochaguliwa kubaki alikuwa amezifunga punje zao wasinisikie. Kibibi hakuwa miongoni mwao. Nilimwuliza kwa nini, akasema ni mzee, hatazaa tena, meno yameisha. Ni sababu nzuri. Mimi mwenyewe ningeitoa kama kazi ile ingekuwa yangu, na sikuwa na nguvu za kubishana.

Nilijaza chumvi kiganjani. Nikashika kipaza sauti cha mkononi, nikakohoa. Siku ile kikohozi kilikuja kirefu, kikakataa kukoma, mpaka machozi yakanitoka. Mashine ikanitambua.

Ooo-yee.

Mbele yetu, kwenye ukingo wa msitu, majani yalitikisika hapa na pale. Mbawala si kama mbuzi, hatembei na kundi. Kila mmoja ana kichaka chake na siri zake. Vichwa vikajitokeza kimoja kimoja.

Ooo-yee.

Masikio yakageuka. Niliwaona wote, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona kwa macho yangu, wembamba, mbavu nje. Shemeji alikuwa pale, pembe juu, majivuno yamepungua. Walisimama wakinitazama. Hakuna hata mmoja aliyepiga hatua. Walikuwa wanangoja kuambiwa kwamba mimi ni mtu aliye hai na nina kitu cha kuwapa.

Niliona aibu, aibu ya utotoni, ile ya kukamatwa mkono ukiwa ndani ya chungu. Oresti hakuniharakisha. Nilijua kwamba nikishusha kipaza sauti wangengoja kidogo, wangerudi msituni bila kinyongo, na wiki ijayo ningeanza kuwasikiliza wakifa kwenye matuta ya viazi, Shemeji leo, mwingine kesho. Nikamkumbuka Karani alivyojaribu kuinuka nilipomwita. Alikuwa na sumu tumboni, na bado alijaribu kuja.

Nikaita mara ya tatu.

Walikuja. Kibibi alitangulia, kama kawaida yake, akipita mlangoni bila hata kuzitazama nyavu, akaja moja kwa moja akatia pua kiganjani mwangu. Ulimi wake ulikuwa mkavu. Wengine walimfuata, wakatawanyika uwandani wakinusa ardhi wakitafuta chumvi yao.

Oresti hakunidanganya. Hapakuwa na mlio, ila upepo mdogo, kama mtu anayepuliza vumbi kwenye meza. Mmoja akapiga magoti akalala. Mwingine karibu yake akamtazama, akaendelea kulamba, naye akalala. Shemeji alianguka kichwa kikiwa bado juu. Nilikuwa nimeahidi kwamba watanikuta, basi sikugeuza uso. Kibibi alimaliza chumvi, akanilamba mkono mtupu kuuliza kama kuna nyingine. Ndipo uzito wake wote ukanijia magotini, na mimi nikakaa chini naye.

Walikuwepo waliochelewa, vijana waliokuwa bado njiani wanakuja. Upepo uligeuka ukawapelekea harufu ya damu. Dume mmoja mdogo akiwa mlangoni kabisa alisimama, akanitazama, akabweka. Mbawala hubweka kama mbwa, sauti kavu, na anayeisikia huipokea akaipeleka mbele. Ilipokelewa ukingoni, ikapokelewa juu mlimani, ikavuka mto. Bonde lote lilibweka. Sijawahi kusikia vile maishani mwangu, na sikuhitaji hedifoni.

*

Kijiji kilikula nyama. Kila nyumba ilipata fungu lake, shule ikapata, wagonjwa wakapata supu. Watu walinisimamisha njiani kunishukuru. "Mama umetuokoa," walisema, na walikuwa wanasema kweli. Kibali cha sumu hakikutoka, na hakuna mtoto aliyeokota pumba. Niliwajibu kwa kichwa. Sauti ilikuwa imenikauka tangu siku ile, imebaki ya kunong'ona.

Nyumbani nilimkuta Skola ameinjika maharage. Katika Itambalila nzima, siku ile, nadhani ni sisi peke yetu tuliokula maharage.

Siku zilipita kabla Oresti hajarudi. Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni mwa kibanda changu, akizungusha kofia mikononi.

"Mama, kuna jambo ambalo hatukulitarajia," akasema. "Waliobaki, hata wale niliowafungia punje wakasikia mwangwi wako tu bondeni, kubweka kule kumewafundisha. Juzi tulijaribu kidogo kule mpakani mwa mashamba. Tulizima sauti ya chui tukaweka yako, ile iliyorekodiwa zamani, mara zote tatu." Alitazama sakafu. "Wanakimbia hata hawageuki nyuma. Hawagusi kiazi. Wahandisi wanasema hawajawahi kuona kitu kinachofanya kazi namna hii."

"Mnaweka mpaka wito wa tatu? Mashine si inakataa?"

"Wameifungua. Hakuna jangili atakayeweza kuutumia tena, mama. Hakuna mnyama atakayekuja."

Nilitaka kucheka lakini koo lilikataa. "Kwa hiyo kikohozi hakihitajiki."

"Hapana, mama. Utapata mafao yako yote. Nimehakikisha mwenyewe."

Sikumchukia. Alikuwa na macho yale yale mekundu, na siku hizi, alivyoniambia, naye halali hata ndani ya gari. Nikamwomba aniache kidogo, nisikilize mara ya mwisho.

Nilivaa hedifoni. Nilimtafuta yule dume mdogo aliyebweka mlangoni, nikampata juu ya shamba la Skola, kwenye ukingo ambako majani ya viazi msimu huu yamenawiri kama ambavyo hayakunawiri tangu kaka yangu afe. Moyo wake ulikuwa unakwenda polepole. Alikuwa na njaa, nilisikia tumbo lake. Akapiga hatua moja kuelekea shambani.

Halafu ikaja sauti yangu. Ilikuwa ya miaka ya nyuma, changa, nzuri, sauti ya mama yangu akituitia chakula. Ooo-yee. Moyo wa mnyama ukaruka. Ooo-yee. Alikuwa ameshaondoka, matawi yakimpiga, pumzi ikimtoka kwa woga. Wito wa tatu ukaita mtu asiyekuwepo. Siku hizi hawaungoji.

Nikavua hedifoni nikaziweka juu ya meza. Nikatoka, nikakaa kwenye jiwe mbele ya kibanda, na ukungu ukaanza kupanda kutoka mtoni. Kutoka chini, kwenye nyumba yetu, niliona moshi wa jikoni. Ilikuwa saa ya kula, saa ambayo kwa miaka yote Skola amesimama mlangoni akiniita kwa sauti ile ile ya bonde zima, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka nishuke.

Nilimwona akitoka mlangoni. Alisimama, akaangalia juu nilipo, mikono kiunoni. Nilishika magoti yangu nikangoja, na ninasema wazi kwamba niliogopa. Moyo ulinienda kama wa yule dume.

Hakuita. Alirudi ndani, akatoka na sahani iliyofunikwa, akaanza kupanda kilima. Ni mlima mkali ule, na Skola ana magoti mabovu. Alipumzika njiani, akaendelea. Alipofika alikuwa anahema. Akanigusa bega, akaniwekea sahani mapajani, akakaa pembeni yangu kwenye jiwe.

"Viazi," akasema. "Vya shambani. Kula, vitapoa."